Vyungu vya Upande wa Upepo

Tangu kimbunga kipite, nyumba ya Adina Bedeau ilikuwa kama mwanamke aliyevuliwa mtandio mbele za watu. Miarobaini iliyouzunguka ua ililala chini, mizizi juu, na ule mti mkubwa wa mseda wa kiwanja cha pembeni, ambao marehemu mumewe Canute alipenda kusema babu yake aliukuta tayari mzee, nao ulikwenda. Zamani upepo wa mashariki ulimfikia Adina ukiwa umeshachoka. Sasa ulitoka moja kwa moja baharini Grand Bay, ukaparamia mlima, ukaingia uani bila hodi. Ulileta chumvi na vumbi jekundu. Ukikuta nguo kwenye kamba uliziviringisha zote pamoja kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Ukikuta mlango haujakomewa uliubamiza mpaka Adina akatoka jikoni na mikono yenye unga, akidhani amepata mgeni.

Yote hayo angeyachukua kama alivyouchukua ujane, kimya kimya na rozari mkononi, kama si mambo ya mkwe wake.

Glenroy, mwanawe wa pekee, alikuwa Huddersfield, Uingereza, tangu ujana wake. Mwaka ule akaanza kusema kwenye simu kwamba baridi imemchosha, anataka kurudi nyumbani ajenge kwenye kile kiwanja cha pembeni, ukuta kwa ukuta na mama yake. Lakini mkewe, Marcelle, alizaliwa hukohuko ughaibuni. Alikuwa amekuja kisiwani mara moja tu, miezi michache baada ya kimbunga. Alisimama mlangoni amezuia gauni lake kwa mikono miwili, akamwambia mumewe, si kwa ubaya, kwamba mahali ambapo hata waridi moja haliwezi kusimama, yeye ataishije? Adina alilisikia neno hilo. Sasa walikuwa wanakuja tena baada ya Pasaka, na safari hii ilikuwa ya kuamua. Marcelle akipapenda, Glenroy anarudi. Asipopapenda, basi, Adina atazeeka na sauti ya simu, na siku yake ikifika atafumbwa macho na majirani.

Kwa hiyo aliamua kupanda maua.

"Wifi," Clothilda alimwambia alipomkuta amepiga magoti kwenye vumbi, "unapanda bustani au unalisha upepo?"

Clothilda alikuwa dada mkubwa wa Canute, aliishi chini kidogo mlimani, na mdomo wake haukuwahi kujua likizo. Safari hii, hata hivyo, alikuwa na haki ya kuuliza. Hibiskasi alizozitoa Adina kwa shemasi zilikaa siku mbili, ya tatu zikabaki fimbo. Mawaridi ya nyumba ya padri yaliungua majani kwa chumvi kana kwamba mtu ameyapitishia pasi. Kangaga alilolitundika barazani kwenye kikapu liling'oka na kikapu chake likaruka, na Clothilda alikuja kulirudisha amelibeba kichwani, akisema mgeni wako alishuka kwangu juu ya bati bila kubisha, nikampa maji.

Adina alicheka, kisha akakaa chini akafikiri. Hakuwa mtu wa kusoma sana. Shule aliiacha mapema akamsaidie mama yake. Lakini macho alikuwa nayo. Siku aliyomnyonyoa kuku wa Jumapili aliyaacha manyoya uani makusudi, akakaa barazani kuyatazama. Akaona yanapozunguka kama yamelewa, na mahali yanapopita mbio bila kugusa chini. Akaona pia pembe moja, kati ya tangi la maji ya mvua na ukuta wa jiko, ambako manyoya yalitua yakatulia kama yamefika kwao. Hapo ndipo angeanzia.

Vyombo navyo alijifunza. Ndoo za plastiki zilikwenda kwa pigo moja, na chungu kirefu chenye kiuno chembamba kilianguka hata kwa upepo wa asubuhi. Alitafuta vyombo vifupi, vizito, vyenye makalio. Matairi ya lori aliyakata akayageuza ndani nje. Mikebe ya rangi aliijaza mawe ya ukuta ulioporomoka kwenye kimbunga, nusu mawe nusu udongo, kisha akaifunga vishikio kwa waya, mmoja kwa mwenzake, kama watoto wanaovushwa barabara. Nyuma ya jiko kulikuwa na sufuria kubwa la chuma la kuchemshia maji ya miwa, la enzi za mashamba ya utumwa, ambalo lilihitaji watu wawili kulisogeza. Hilo aliliweka kando, lisubiri mmea wake.

Kisha mimea. Aliacha kuomba kwenye bustani nzuri. Alizunguka kwa miguu upande wa baharini, nyumba zilizopigwa kuliko yake, akachukua vipandikizi kwenye mimea iliyokwisha kupinda. Mmea uliokua umedekezwa kivulini ungemwaibisha, lakini uliolelewa na makofi ulijua la kufanya. Alichukua mshubiri. Alichukua yale majani yanayosimama kama mapanga, maua ya vinka, ya waridi na meupe, waridi la jangwani lenye shina nene kama goti, na bogenvilia ambayo aliikata fupi akaipa maji kwa kipimo ili isijisahau. Alichagua majani madogo kuliko mapana, manene kuliko membamba, na shina linaloinama kuliko linalobisha. Akavipanga vyombo pamoja, vifupi mbele, vikingane.

Ikashika. Ilipofika Kwaresima, ile pembe ya tangi ilikuwa na rangi. Kilichokosekana kilikuwa kitu kirefu cha kuweka karibu na mlango, cha kumpokea Marcelle akiwa bado barabarani.

Alikipata kiwanjani. Alikuwa anaokota kuni kwenye matawi ya ule mseda uliolala, akaona chini ya mizizi iliyonyanyuka mmea umelala ubavu, umefunikwa nusu na udongo: shina kongwe lenye makovu, na juu yake shada la majani marefu mekundu, mekundu kama kidonda, mazima kabisa. Miezi yote tangu kimbunga ulikuwa umelala pale bila mtu, haukunyauka hata ncha. Huko kwao mmea huo huitwa damu ya joka, na hakuna asiyeujua. Watu huupanda kwa mambo mawili: kuonyesha mwisho wa shamba, au kuonyesha kichwa cha kaburi. Adina alitazama huku na huku. Shamba la akina Patrice lilianzia chini mteremkoni. Akajiambia ni mpaka, wazee waliuweka mpaka. Hakutaka kuchunguza zaidi, maana alikuwa ameshaupenda. Alichomeka kijiti pale ulipokuwa, ili mipaka isije ikaleta maneno, akauburuta mpaka nyumbani. Siku hiyohiyo Clothilda akamsaidia kulisogeza lile sufuria la chuma mlangoni.

Mmea ulisimama. Ulisimama kupita kiasi.

Jambo hilo Adina aliliona kwanza bila kulitilia maanani. Alikuwa anapepeta mbaazi barazani, upepo umechachamaa, vinka zinatetemeka, mapanga yanagongana, bogenvilia inainama na kuinuka kama mtu anayesali kwa haraka. Na ile damu ya joka haikuwa inafanya chochote. Majani yake marefu yalikaa hewani yametulia, kama yako ndani ya chumba kilichofungwa. Adina alisimama akaweka mkono karibu nayo. Upepo ulimpiga mkononi. Majani hayakusogea.

"Huo umekufa au umebatizwa?" Clothilda aliuliza alipouona. Lakini hakuusogelea.

Adina alijibu kwamba ni mzito, una shina la kizee. Alimshukuru Mungu kwa kumpa alichoomba. Usiku alilala vizuri. Ni mchana ndipo mambo yalipoanza.

Alikuwa na desturi ya kujinyoosha baada ya chakula kwenye benchi la barazani, leso usoni. Akaota yuko palepale kwenye benchi, jua ni lilelile, upepo ni uleule, ila hauna sauti. Kiwanjani kuna mwanamke. Mrefu, mkavu, kilemba cheupe, gauni la kitambaa kigumu kama gunia likimpiga miguuni. Ameinama anapapasa ardhi, kama mtu aliyerudi kwake gizani akaukosa mlango. Anapapasa, anasogea, anapapasa. Uso hauonyeshi. Adina alitaka kumwuliza amepoteza nini, mdomo ukawa mzito. Alipoamka leso ilikuwa haiko usoni, na kule kiwanjani jua lilikuwa linawaka juu ya majani makavu.

Huko kwao ndoto ya namna hiyo haifichwi. Inasemwa, maana si yako, umetumwa tu. Adina alishuka kwa wifi yake.

"Mrefu, mkavu, kilemba cheupe," Clothilda alirudia. "Huyo ni Mama."

"Mama mkwe alikuwa mfupi, wifi."

"Kaburini mtu ananyooka." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Ana njaa, Adina. Tangu tumzike hajaandaliwa sahani hata moja. Wewe na rozari zako mmemwacha mwenzenu akae na njaa."

Adina hakupenda kuambiwa hivyo, kwa sababu hakukosa misa, na alimwombea mama mkwe wake kila mwezi wa wafu. Lakini sahani ya wazee waliokufa ni sahani ya wazee. Hata padri wa zamani, mtoto wa kisiwani, alijua kuipita bila kuitazama. Walichinja jogoo. Walipika ugali wa mahindi wakauviringisha mviringo, na wali nao wakauviringisha, na mbaazi, vyote bila chumvi, maana wafu hawali chumvi. Walitandika kitambaa cheupe mezani chumba cha mbele, wakaweka maji na ramu, wakaita majina ya akina Bedeau waliotangulia, Clothilda akiyajua yote mpaka ya watoto wachanga. Kisha wakatoka nje wakaacha mlango wazi, wazee wale kwa nafasi.

Chakula kinachopokewa hujulikana. Kinakuwa kama kimeguswa, kimelegea, ladha yake imekwenda. Waliporudi, kile chakula kilikuwa kimekaa mezani kama kilivyopakuliwa, mvuke ndio uliopungua tu. Hata sisimizi, ambao katika nyumba ile hawakuwahi kungojea mwaliko, hawakupanda mguu wa meza. Clothilda aliitazama ile sahani muda mrefu. Hatimaye alisema polepole kwamba wamempikia mtu asiyeomba, na aliyeomba bado yuko nje.

Ndoto ya pili ilikuja Jumatano ya Juma Kuu, tena mchana, tena kwenye benchi. Mwanamke alikuwa ameshaondoka kiwanjani. Alikuwa uani. Alipita kwenye vyombo kimoja kimoja ameinama, akanusa vinka, akagusa mshubiri, akapita. Alipofika mlangoni, kwenye sufuria la chuma, alinyooka. Akaweka kiganja chake juu ya majani mekundu, vile unavyomwekea mkono mtoto asicheze kanisani. Majani yakatulia.

Adina aliamka akajua. Hakuhitaji Clothilda amwambie. Mmea ule haukuwa mpaka. Ulikuwa kichwa cha kaburi la mtu asiye na jiwe, na jiwe lake lilikuwa ni huo mmea wenyewe. Ndiyo maana mwenyewe hakuwa anapaona tena mahali pake pa kulala. Na mahali penyewe Adina alipajua. Kijiti alikichomeka kwa mkono wake, katikati kabisa ya kiwanja cha Glenroy.

Ilimpasa kusema siku ileile. Hakusema. Alihesabu moyoni kilichoko huku na kilichoko kule. Huku kuna mfu asiyejulikana hata jina, ambaye mwili wake umekuwa udongo tangu enzi za mashamba. Kule kuna mwanawe. Alijiambia kwamba misingi siku hizi haiendi chini sana. Alijiambia atamwombea misa yule mama, misa nyingi, kila mwaka. Siku ya Alhamisi, kabla hawajafika, alikwenda kiwanjani akakichomoa kile kijiti. Jioni, kwenye rozari, kila alipofika mahali pa ufufuko wa miili kwenye Nasadiki ulimi wake ulikwama kama umekanyaga tope, ikabidi arudie tangu mwanzo.

Glenroy na Marcelle walishuka kwenye boti Jumatatu baada ya Pasaka. Mlimani walipopanda, Adina alisimama mlangoni akamtazama mkwe wake usoni tu, hakumtazama hata mwanawe. Marcelle alisimama barabarani. Upepo ulikuwa unampiga nywele, na mara hii hakuukwepa. Aliingia uani akaenda kwenye vyombo, akachuchumaa, akagusa ule waya uliounganisha mikebe akacheka, akauliza majina. Akamwambia Glenroy aje aone, Mama ameupatia upepo kitu cha kufanya. Alipofika kwenye sufuria la chuma alisita kidogo pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kijia chembamba, kisha akasema huu mwekundu ndio mzuri kuliko yote.

Siku ya pili Glenroy alipima kiwanja. Akapigilia vigingi, akavuta kamba, akawaonyesha: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba cha kulala, dirisha lake litazame kwa Mama. Marcelle alisimama ndani ya kamba za chumba cha kulala, akajinyoosha mikono huku na huku kupima kitanda. Alikuwa anacheka. Alikuwa amepapenda. Adina alimwona anacheka, na alijua chini ya viatu vile kuna nini. Nyumba yenyewe, kwa jinsi ilivyokaa, ingekinga upepo wote usiingie uani. Alikuwa amepata kila kitu alichoomba, na fundi angeanza kuchimba keshokutwa.

Mchana walikaa mezani, Clothilda naye amepanda kuja kula. Palikuwa na samaki, wali wa mbaazi na mikate ya kukaanga. Clothilda alikuwa anamtania Glenroy kwamba Uingereza imemla nywele ikamwachia masikio. Marcelle alicheka, kisha akageuka kutazama nje dirishani, akaweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "yule bibi wa nje yeye hali? Tangu jana amesimama pale kwenye ua jekundu, na nyie mnampita tu."

Clothilda alikuwa na kipande cha samaki kinywani, akakiacha hukohuko.

Glenroy aliinuka akachungulia. "Bibi gani?"

"Si yule. Mwenye kilemba. Mimi nimemsalimia mara mbili."

"Amekuitikia?" Adina aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka.

"Hapana." Marcelle alifikiri. "Ila alinipisha nikapita."

Adina alimtazama huyu mtoto wa watu, mwenye mikono ya mjini, aliyekuja kutoka mbali asijue kitu, akamsalimia mfu mara mbili kwa adabu. Kwa miezi yote alikuwa amemwona Marcelle kama mlango ambao mwanawe atapitia kurudi. Hakuwa amefikiri kwamba ni yeye atakayelala katika chumba kile, macho yake yakiwa wazi namna ile, usiku baada ya usiku, juu ya mwanamke asiyepata pake. Na ambaye angemlaza hapo ni yeye Adina, kwa mikono yake, kwa maua.

Akaweka mikono mezani akasema yote: mmea aliutoa wapi, ndoto, sahani isiyoliwa, kijiti alichokichomoa. Hakujitetea.

"Ulijua tangu lini?" Glenroy aliuliza.

"Kabla hamjapanda boti."

"Na ungeniacha nijenge."

"Ningekuacha," Adina alisema. "Nilitaka urudi."

Glenroy alisukuma kiti. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alichukua koleo akaenda kiwanjani, Adina akamfuata akamwonyesha mahali. Alichimba taratibu, udongo wa juu tu, na haikuchukua muda koleo likakwaruza kitu. Alipiga magoti akafukua kwa vidole. Lilikuwa kombe la kome, kubwa, mdomo wake umetazama chini, jeupe kama mfupa. La pili lilikuwa pembeni yake, na la tatu, mstari ulionyooka kama walivyokuwa wakiwapangia wafu wao watumwa wasioruhusiwa kuweka jiwe. Akafuata mstari mpaka ukapinda miguuni. Mrefu alikuwa, yule mama. Clothilda aliona hivyo akafanya ishara ya msalaba.

Kisha Glenroy akachukua mtaimbo, akaanza kuuchoma ardhini mahali pengine, huku na huku ndani ya kamba zake. Pale chini ya jiko, mtaimbo ulisema tak. Chini ya sebule, tak. Akasogea zaidi, karibu na mteremko, akachoma tena, wakasikia tena. Hapo Clothilda alimshika mkono.

"Basi, mwanangu. Ukiendelea kugonga watadhani unawaita."

Walikuwa wengi. Wale wengine mimea yao ilikufa zamani, na watu walilima juu yao, na mseda ukaota. Mmoja tu alikuwa amebaki na alama, na kimbunga kikaing'oa.

Waliurudisha mmea jioni hiyo kabla jua halijatua, wanne pamoja, wakiubeba kwa gunia. Adina aliushikilia shina wakati Glenroy anajaza udongo. Clothilda akamimina maji, akamimina ramu. Adina ndiye aliyetakiwa kusema, na maneno yake hayakuwa mengi.

"Mama, jina lako hatulijui. Nilikuchukulia chako nikajifanya sijui. Hapa ni kwako, na hakuna wa kukusumbua tena. Nisamehe, na Mungu akupe raha."

Wakati anasema hivyo upepo ulikuja, ukayainua yale majani mekundu ukayavuruga, na Marcelle, aliyekuwa anatazama upande mwingine, alisema taratibu kwamba bibi ameondoka.

Glenroy aling'oa vigingi mwenyewe. Kamba aliikunja vizuri akamkabidhi mama yake, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Siku zilizobaki alimsaidia kurekebisha bati la jiko, akala alichopewa, akajibu alipoulizwa. Ardhi nyingine ya ukoo haikuwepo. Clothilda alitaja shamba fulani upande wa pili wa kisiwa, linauzwa, lina kivuli, upepo haufiki. Glenroy akasema tutaona. Marcelle, walipokuwa wanaagana bandarini, alimkumbatia Adina muda mrefu. Alimnong'oneza kwamba yeye hakukikataa kisiwa, Mama asije akafikiri hivyo. Glenroy alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akapanda boti, na hakukaa upande wa nyuma ambako watu hukaa wakitaka kupunga mkono.

Adina alirudi mlimani. Wiki iliyofuata alianza kuvibeba vyombo, kimoja kimoja, kuvipeleka kiwanjani. Kwa kila mahali ambapo mtaimbo ulisema, aliweka chombo. Alichagua kwa makini kuliko alivyochagua mwanzo, kwa sababu mimea hii ingekaa mahali pasipo na ukuta wala tangi la kuikinga, na siku moja isingekuwa na mtu wa kuimwagia maji. Bogenvilia aliirudisha nyumbani. Bado ilikuwa inataka kutazamwa. Mshubiri aliuacha, na mapanga, na waridi la jangwani. Clothilda alikuja akakaa juu ya shina la mseda akimtazama, akasema kwamba sasa wafu wana bustani na walio hai wana vumbi. Kisha akainuka akamsaidia kubeba mikebe.

Hakuota tena. Mchana alijinyoosha kwenye benchi, akafunga macho, akapitiwa na usingizi mtupu, akaamka. Mara nyingine alijikuta anageuka kutazama kiwanjani upesi, akitumaini, Mungu amsamehe, kumwona mtu yeyote.

Jumapili simu ililia. Glenroy aliuliza hali, akasimulia mvua ya Huddersfield na goti lake, akauliza kama bati limeshika. Habari ya nyumba hakuigusa. Kisha Marcelle akachukua simu.

"Na yule bibi, Mama? Hajambo?"

"Hajambo. Ametulia."

"Nashukuru." Nyuma yake ilisikika sauti ya Glenroy akifungua bomba. "Na wewe, Mama? Wewe umetulia?"

Adina alimsikia vizuri kabisa. Alisema upepo umekuwa mkali, maneno hayafiki, wazungumze Jumapili nyingine.